Uzito wa Wifi Yangu

Mdogo wangu alinunua lile gari la viti viwili akiwa bado kapera, ili wasichana wamtazame. Tulimcheka sana. Mji umejengwa juu ya mawe ya volkano, naye ananunua gari la maringo ambalo tumbo lake karibu lifagie njia! Kisha mkewe akaugua uti wa mgongo. Pikipiki hakuiweza tena, ikabidi gari hilohilo limtoe kwetu Lac Vert hadi hospitali ya mjini.

Lilikuwa linayumba vibaya. Kila kona mkia ulikwenda upande wake, na wifi yangu, aliyelia hata kitanda kikitikiswa, alifika ameloa jasho, kitambaa kati ya meno. Siku moja alisema harudi tena hospitalini.

"Muniache nikufie ku kitanda yangu."

Mdogo wangu alitoka, akaingia chini ya gari.

Pesa hazikuwepo, fundi tungemlipa nini? Alikata vipande vya tairi bovu la lori kwa kisu changu cha jikoni, nikamtukana vya kutosha, akavipachika pale raba za zamani za kuzuia mtikisiko zilipokuwa zimelika. Alivuta kamba toka magurudumu ya nyuma hadi ya mbele aone kama yamenyooka. Betri akaihamishia nyuma ili mkia upate uzito. Lakini gari jepesi hivyo, alisema, hubadilika mtu akiketi, lazima lipimwe na abiria wake.

"Yaya, ikala humu kidogo," aliniambia mimi dada yake mkubwa.

Nilipoketi na unene wangu alicheka, na alikuwa hajacheka muda mrefu. "Toka, yaya. Weye uko bamama babili!"

Akaleta gunia la viazi vya Kibumba. Yeye ndiye aliyembeba mkewe kumtoa kitandani, kwa hiyo mikono yake iliujua uzito wake. Alilipakata gunia vilevile, akapunguza viazi, akaongeza, mpaka akaridhika. Akaliketisha kwenye kiti cha mkewe, akalifunga mkanda, akaenda kujaribu kona. Wiki iliyofuata, baada ya kumbeba mkewe, alifungua gunia akatoa viazi kadhaa. Baadaye akatoa vingine. Aliviacha jikoni kwangu, nami nilimchukia kwa hilo. Nilivipika vile viazi, vikanishinda kula.

Mwishowe wifi yangu alikubali kupanda. Nilifuata nyuma kwa pikipiki, nikaliona gari likikata kona zote limetulia. Pale hospitalini alimwambia mumewe, "Papa, leo sikusikia mawe." Kitambaa kilikuwa kikavu mkononi mwake. Nilifurahi mpaka nikaona haya.

Daktari alitazama picha za mgongo, akatuita pembeni sisi wawili. Dawa zimefika mwisho, hazimsaidii tena, alisema.

"Mumurudishe nyumba. Musimusumbue tena na njia."

Mdogo wangu alimkodolea macho.

"Docteur, lakini gari haiyumbi tena," alisema. "Nilishaitengeneza. Kuja uone."

Akamshika daktari mkono wa koti, akaanza kumvuta kuelekea mlangoni.