Kigoda Nilichokataza Kukaliwa

Nimekosa, na simsukumii mtu lawama. Mimi ni mzee wa hapa Shieywe. Shule niliiacha mapema, lakini nilikata miwa Butali mpaka nikanunua trekta yangu na kujenga nyumba ya matofali. Sasa nikidhani kitu, nakidhani kwa sauti. Hiyo ndiyo iliyoniponza!

Marehemu baba aliniachia kigoda alichochonga babu enzi za Mzungu. Pale pa kukalia pana uso wa mtu: kofia pana, masharubu, pua iliyosuguliwa ikalainika. Nikaamua huyo ni babu mwenyewe! Nikampaka vanishi, nikamfunika kitambaa, nikamweka kando ya televisheni. Wageni nikawa nawaambia, "Salimieni babu." Na walisalimia, jamani! Hata pasta.

Wakwe walipokuja kuzungumza mahari ya binti yangu, senje alifika kutoka Khwisero. Ni dada ya baba, ndiye aliyenilea, na bila yeye mazungumzo hayaendi. Akaingia, akavuta kitambaa, akakalia kigoda, pwaa!

Nikaruka. "Senje! Toa matako kwa uso wa babu!"

Mbele ya wakwe! Senje akachukua mkoba, akaenda. Wakwe wakaaga: "Tutarudi yeye akirudi." Ingokho nzima, kuku wa heshima, ilibaki mezani. Binti yangu alilia mpaka nikatoka nje.

Nikamfuata senje Khwisero, kigoda kwapani. Alikuwa anapepeta maharagwe, hata hakuniangalia.

"Wewe, babu yako alikuwa na masharubu?"

"Sijui, senje. Sikumkuta."

"Huyo ni DC, yule Mzungu mtawala! Alituchomea nyumba juu ya kodi. Baba hangeweza kumpiga, akamchonga. Kila jioni tulikuwa tunamkalianga kwa zamu, mama akitoka shamba tunampisha. Hiyo pua unafikiri ililainishwa na nini? Na wewe umempa televisheni!"

Nilimkumbuka pasta, nikafunika macho. Mimi!

Alikubali kurudi kwa sharti moja. Jumamosi, mbele ya wakwe wote, nilimkalia DC mimi mwenyewe. Senje akainama, akachungulia.

"Sugua vizuri. Vanishi yako imemwotesha pua."

Wakwe walicheka mpaka chai ikamwagika, na mazungumzo yakaanza.

Wazee wenzangu wajuaji, nisikieni! Kabla hujamtandikia mtu kitambaa, uliza waliomjua aliwafanyia nini.