Tangi Lililofukizwa Ubani

Mama alikula yamini: bodaboda hapandi, na gari za kwenda Kinole zinamtapisha. Kama nataka apande mlimani kumwona dada yake, basi niifufue skuta ya marehemu baba. Mama mkubwa alikuwa haoni tena, na safari hii tulipata habari kwamba hata chakula anakisukuma. Mimi ni mtu wa hasira za karibu. Nilimwambia mama anamkomoa dada yake, si mimi. Akanijibu, "Basi kazi kwako," akaendelea kuchagua mchele.

Skuta ilikuwa stoo tangu msiba, imefunikwa kanga kuukuu. Fundi alifungua tangi la mafuta, akachungulia, akacheka. "Dada, humu kumebaki kutu tupu. Hili tupa." Kama angesema "gumu" au "ghali" ningemwachia. Lakini kutupa kitu cha baba! Nililifungua tangi mwenyewe nikalipeleka uani.

Nilianza vibaya. Nilitia maji ya sabuni na kokoto, nikalitikisa kama kayamba mpaka mikono ikafa ganzi, majirani wakiniuliza ngoma inachezwa lini. Maji yalitoka mekundu, nikafurahi. Kisha nikaona tone chini ya tangi, halafu jingine. Kumbe palikuwa na tundu, na baba alikuwa ameliziba kwa kipande cha sabuni ya mche, ujanja wa madereva wa zamani, maana petroli haiyeyushi sabuni. Maji ndiyo yanayoiyeyusha. Kwenye kipande kilichobaki palikuwa na alama ya dole gumba lake. Nilipokigusa kikateleza, kikaenda na povu.

Nililia, nasema kweli, nikiwa nimekaa juu ya ndoo. Mama akaja, akatazama lile tundu.

"Alikuwa bahili, huyo," akasema. "Na gundi dukani ilikuwepo."

Tukacheka wote wawili, mimi na makamasi yangu.

Kutu iliyogoma niliitoa kwa mbirimbi chachu, zilezile ambazo mama husugulia sinia zake za shaba. Tundu nikalichomeka kijiti, tangi likalala na maji ya mbirimbi siku kadhaa, nikalisuuza kwa magadi, ndani pakaonekana chuma. Mjini nikaenda kwa mzee mmoja wa Kihindi mwenye duka la vipuri, ambaye baba alinunua kwake kila tairi la ile skuta. Nikamwamkia, akaitikia, akanitolea gundi ya makopo mawili: unachanganya, unamimina ndani, unaligeuza tangi mpaka kila kona ijipake na tundu lizibe.

"Lakini sikia, mwanangu," akasema. "Pakiwa na unyevu humo, hata kidogo, gundi yote itabanduka na kuziba kabureta. Kausha kwanza."

Kausha, wiki ambayo wingu lilikuwa limekaa juu ya Uluguru na nguo kambani zinanuka uvundo! Niliweka tangi barazani, mdomo wazi. Kila asubuhi nikakuta utando mpya wa kutu, nikausugua, nikautukana. Na kutoka mlimani habari zilikuwa zilezile.

Alhamisi nikarudi kutoka kazini jioni. Alhamisi ni siku ya ubani kwetu, kwa hiyo harufu ya mlangoni haikunishtua. Kilichonishtua kilikuwa sebuleni. Mama alikuwa amesimamisha lile tenga la kufukizia nguo, chini chetezo chenye makaa mekundu, na juu, mahali pa kanzu, amelaza tangi la skuta.

Nilipiga yowe. "Mama! Tangi la petroli hilo!"

"Petroli gani? Si umeliosha wiki nzima?"

"Litalipuka!"

"Baba yako hakutoka nyumba hii kwenda safari bila kufukizwa," akasema. "Na hili linasafiri."

Nilikitoa chetezo nje, nikamgombeza kama mtoto, naye akasubiri nimalize. Kisha nikaingiza kidole kwenye tangi. Pakavu kabisa, kama unga. Tukamimina gundi lilipopoa, yeye ameshika upande mmoja na mimi mwingine, tukaligeuza polepole, na sikumbuki lini tena nimefurahi hivyo kufanya kazi na mama yangu.

Gundi ilipokuwa ngumu nikalifunga tangi mahali pake, nikatia petroli na oili, nikapiga kiki mpaka mguu ukauma. Skuta ikakohoa, ikatoa moshi, ikawaka. Halikudondoka hata tone. Mama akapanda upande upande, kama alivyokaa nyuma ya baba, akanishika kiuno.

Tulipanda na kelele zetu, tukipishana na pikipiki zilizobeba ndizi. Tulipokaribia nyumba ya mama mkubwa nilimwona barazani, amesimama, ameshika nguzo, uso umeelekea barabarani, ametegea sikio mlio wa skuta. Alikuwa anacheka.

"Shemeji!" akaita. "Leo ndio umenikumbuka?"

Nikazima injini. Huyo shemeji ni baba, na yeye na mama walimzika pamoja. Sikujua kama ni mzaha au amesahau. Mama akashuka, akajifunga kanga vizuri, akaenda kumshika mikono.

"Yeye hakuja, dada. Amenileta tu."

Mama mkubwa akainama begani kwake, akanusa ubani kwenye kanga, akanusa tena.

"Na amekufukiza," akasema. "Haya, leteni chakula. Nitakula na mdogo wangu."