Dobi Asiyetoa Jasho

Mjomba wangu ni dobi, na kwa udobi wake ana majivuno ya kupitiliza. Miaka ishirini na miwili amepiga pasi mashuka ya hospitali kwenye chumba cha mvuke kisicho na dirisha, mimi mpwa wake nikikunja pembeni. Hajawahi kumrudishia mtu nguo chafu. Hata kitambaa cha kufutia meza hukipiga pasi kwanza.

Mwezi uliopita meneja akatuletea fulana za kisasa. Nyuzi zake, tuliambiwa, husoma chumvi na sukari iliyomo kwenye jasho na kupeleka habari kwenye kompyuta, ili anayeishiwa maji mwilini aambiwe akanywe. Mtaalamu aliyetueleza habari hizo za chumvi naye alizitia chumvi ya kutosha: afya yetu, eti, ndiyo utajiri wa kampuni. Tukaagizwa tuzivae wiki nzima bila kuzifua.

Bila kuzifua! Kumwambia mjomba hivyo ni kumtukana. Siku ya kwanza tu aliondoka na yake, akaifua kwa sabuni ya unga, akaitia wanga, akaipiga pasi ya moto mpaka ikasimama yenyewe.

"Mjomba, si wamekataza?"

"Wamekataza wasiojua kufua."

Ijumaa akaitwa ofisini. Nikamfuata, roho juu. Kiyoyozi kilikuwa kinavuma, na meneja alikuwa amevaa koti.

"Mzee, wenzako wote wametoa jasho," akasema. "Wewe wiki nzima hata tone. Unafanya nini kule?"

"Napiga pasi, mwanangu."

"Bila jasho?"

Afya yetu haikutajwa tena. Nikamweleza kwamba fulana ilifuliwa, nyuzi zimeungua, haisomi kitu. Meneja akanitazama kwa huruma.

"Dada, fulana ina sababu gani ya kudanganya?"

Nilitamani kumvisha hiyo fulana na koti lake juu, nimfungie kwenye mvuke hadi saa sita. Meneja akamsogezea mjomba barua ya kumwachisha kazi kwa uvivu, naye akainama aisome. Alikuwa ametoka kwenye pasi muda huo huo. Jasho likamtiririka usoni, likadondoka kwenye barua, tone baada ya tone.

Meneja akaivuta haraka, akaipangusa kwa tishu.

"Taratibu, mzee, unalowanisha karatasi. Tia sahihi hapa, palipo pakavu."