Minyororo ya Sukari Ndani ya Maji

Nilirudi Kalemie kumzika baba, nikiwa mwanafunzi wa kemia Ubelgiji. Nilikusudia kukaa kidogo tu. Vita vikaanza, ndege zikakoma, nami nikabaki na Mama, nikifundisha kemia katika shule isiyo na maabara.

Siku moja binti wa darasa la mwisho aliniuliza, "Mwalimu, kule Ulaya ulikuwa unafanya nini hasa?"

Nikachora ubaoni. Molekuli ndogo ya sukari tunaipa mkono wa kushikia mwenzake, nikaeleza. Ndani ya maji zinaungana moja baada ya nyingine, zikawa mnyororo. Kinachoziunganisha ni radikali, kipande chenye njaa ya kushika chochote. Ukikiachia, minyororo mingine hurefuka ovyo, mingine hukatikia njiani. Kwa hiyo tunatia kitu cha kukilaza na kukiamsha, kukilaza na kukiamsha, ili yote irefuke pamoja. Hewa ikiingia, kazi imeharibika. Yangu ilikuwa imeharibika mara nyingi.

"Na inasaidia nini?"

"Magonjwa mengi hushika sukari zilizo juu ya chembe za mwili. Tukiyapa minyororo hii yashike, labda yatatuacha."

"Hata kipindupindu?"

"Sumu yake, labda."

"Mudogo wangu alikufa nayo mvua iliyopita. Dawa hiyo itafika lini?"

"Sijui. Pengine isifike."

Aliinama akaanza kunakili mchoro wangu, polepole, na wenzake walipotoka yeye alikuwa bado anachora.

Nilipomsimulia Mama, alisema, "Sasa unangojea nini hapa?"

"Nitakuacha na nani?"

"Dada yako yuko. Mimi si mutoto. Kazi yako njo ile ya kule Ulaya, enda umalize."

Akanitafutia nafasi kwenye boti ya wachuuzi wa samaki iliyokuwa ikivuka ziwa kwenda Kigoma. Nililia ufukweni; akanikaripia mbele ya mabaharia, huku akinifunga vizuri kitenge mabegani.

Maabara yangu ya Ubelgiji ilinipokea tena. Niliharibu tena, na tena. Kisha siku moja maji ndani ya chupa yakawa mazito kama uji mwepesi, na kipimo kikaonyesha minyororo yenye urefu unaokaribiana. Nikacheka peke yangu. Simu za Kalemie zilikuwa zimekatika, basi nikangoja mpaka Mama alipovuka kununua chumvi Kigoma, akanipigia. Nilimweleza yote bila kutua.

"Alhamdulillahi," akasema. "Umekula?"