Kitambaa kwenye Swichi

Dada yangu aliumia katika kiwanda cha tishu, karatasi za chooni, huko Thika, akiitoa karatasi iliyokwama kwenye mashine. Vidole vinne vya mkono wa kulia vilikwenda, kikabaki kidole gumba. Kampuni ikasema ni uzembe wake mwenyewe: kwa nini aliingiza mkono mashine ikizunguka? Swali rahisi kwa mtu ambaye hajawahi kusimama mbele ya ile mashine.

Mashine yenyewe ina kifuniko, na chini ya kifuniko kuna swichi. Ukikiinua, kila kitu kinasimama. Lakini karatasi hukwama kila mara, na mashine ikishasimama huchukua muda kushika mwendo tena, na hapo msimamizi anafika kuuliza mbona maboksi ni machache. Kwa hiyo wafanyakazi hukunja kitambaa na kukifunga kwa nguvu juu ya swichi, ikae imebonyezwa. Mashine hudhani imefunikwa, ikaendelea kukimbia huku iko wazi. Kila anayeingia pale huonyeshwa hivyo siku yake ya kwanza, kabla hata ya kuonyeshwa choo. Msimamizi alijua. Wakaguzi walipotarajiwa, ni yeye aliyepita akiamuru vitambaa vitolewe.

Dada alihitaji mtu mmoja tu wa kuyasema hayo mbele ya wakubwa. Bila hivyo hakuna fidia, na jina la mzembe lingemfuata kila kiwanda atakachokwenda kuomba kazi, kama kuna kiwanda kitakachomtaka.

Jumapili wanawake wa zamu yake walikuja kumwona, nyumbani kwake mtaa wa Kimbo. Walileta unga, sukari na mafuta ya kupikia, wakaimba, wakaomba. Aliyeongoza maombi alilia mpaka sauti ikakatika. Mimi ndiye niliyepika chai, kwa sababu dada hakuweza kushika sufuria. Niliwatazama wakinywa, hasira ikanipanda. Walikuwa watu wazuri, na nilitamani kuwafukuza.

Nikashindwa kuvumilia. "Mtamsemea?" nikauliza.

Yule mkubwa wao kwa umri, ambaye ndiye aliyemfunza dada kazi, akaweka kikombe chini.

"Kijana yangu, sisi ni vibarua. Kila asubuhi tunachaguliwa pale geti. Nikisema leo, kesho msimamizi atanipita tu ni kama hanijui."

"Sasa mnamwombea ya nini?"

Nilijua ni maneno mabaya. Sikuomba msamaha, na hata leo sijaomba.

"Wachana nao," dada akasema. "Ata mimi ningenyamaza."

Aliyasema bila uchungu wowote, na hilo ndilo lililonivunja moyo. Wiki nzima nilikuwa nimezunguka ofisi za watu nikimpigania, nikidhani tuko wawili. Nilijiona mjinga nimesimama pale na birika mkononi. Nikaketi.

Dada akaupanga upya mkono wake uliofungwa bandeji, akauliza ni nani amewekwa kwa mashine yake.

"Ni mimi," akasema mwanamke mmoja ambaye hakuwa ametamka neno tangu wafike.

"Na kile kitambaa?"

"Si bado kiko. Ningefanyaje?"

Dada akamtazama mikono, ile mikono yake miwili iliyozunguka kikombe. Nilidhani sasa atalia. Au atamwambia aache hiyo kazi, akauze mboga, arudi kwao, chochote.

"Karatasi ikikwama," akamwambia polepole, "ingiza mkono wa kushoto. Huu wa kulia utauhitaji."

Yule mwanamke akaitikia kwa kichwa, akamwambia asante.