Regyuleta Iliyofungiwa Kufuli

Mume wangu alikuwa fundi wa magari Migori, na kwa ufundi sikuwa na neno naye. Shida yake ilikuwa woga. Miaka ile ya tisini alitutengenezea pikapu: bodi kuukuu, na ndani injini ya Japani isiyo na kabureta, inayopuliziwa petroli na nozeli. Injini za namna hiyo zilikuwa adimu kwetu, kwa hiyo akaogopa wezi. Regyuleta, kile kidude cha kutunza presha ya petroli, ilikuja imefungwa juu ya injini, mwisho wa bomba la nozeli. Akaing'oa, akaipeleka nyuma karibu na tangi, akaijengea kisanduku cha chuma na kutia kufuli. Ufunguo akauvaa shingoni. Nilicheka mpaka akanuna.

Gari lilikuwa la kubebea samaki wangu kutoka Homa Bay hadi Kehancha. Asubuhi liliwaka vizuri, lakini ukilizima likiwa moto, basi tena, mpaka lipoe. Samaki nao hawangoji. Mzigo ulipoharibika mara ya pili, aibu ikamshika. Akasema likikataa tena analiuza, anaenda Nairobi kuajiriwa gereji. Rafiki yake alishamtafutia chumba. Mimi sikutaka mume wa kuonekana Krismasi tu, na nilimwambia hivyo kwa ukali.

Safari iliyofuata tulisimama Ndhiwa kumshushia mteja kikapu. Likakataa. Mume wangu akakaa chini kando ya gurudumu. Hasira zikanipanda. Nikakinga maji ya barafu yaliyokuwa yakichuruzika kwenye samaki, nikafungua boneti, nikayamwaga juu ya lile bomba la nozeli lipoe haraka.

"Mama watoto, unaharibu injini."

"Iharibike mara ngapi?" nikamjibu, nikapanda nikapiga stata mwenyewe. Likawaka, likinuka samaki.

Akashika lile bomba lililopoa. "Kumbe petroli inachemka," akasema. Akanieleza: kwa kuwa regyuleta iko nyuma, petroli ya ziada inarudi tangini kabla ya kufika mbele. Ile iliyo kwenye bomba inasimama pale pale, injini ikizimwa inapata joto na kugeuka mvuke, nozeli zinakosa cha kupuliza. Regyuleta ikiwa mwisho wa bomba, petroli inapita nozeli zote ikitembea, inayobaki inarudi tangini na joto lake, na mvuke pia.

"Na wewe ukaificha," nikasema. "Mficha uchi hazai, baba watoto."

Kesho yake aliirudisha pale ilipotoka, na kufuli tukafungia banda la kuku.

Wiki iliyofuata tulifika Kehancha jua likiwa utosini. Alizima gari makusudi, boneti likiwa bado linaunguza. Niliuza samaki bila kusikia watu wanasema nini. Hofu yangu ilikuwa gari lisije likakataa tena. Vikapu vilipoisha, akapiga stata. Likawaka papo hapo.

Aliliacha likinguruma, akashuka. "Unaenda wapi?" nikamuuliza.

"Posta, kupiga simu Nairobi. Hicho chumba wampe mtu mwingine."

Nikabaki ndani peke yangu, nimeshika usukani unaotetemeka, nikalia kwa furaha mbele ya soko zima.