Baba Alipokuwa Akipuliza

Mimi ni muuguzi, na kwa miaka mingi nilijisifu kwamba mgonjwa akivuka tu mlango wa kituo chetu cha afya hapa Rangwe, kabla hajafungua mdomo, ninajua kinachomsumbua. Mtoto anayehema haraka, mama anayejishika kiuno, mzee anayekwepa mwanga, wote nawasoma. Wenzangu walinitania kwamba nina macho ya mwewe. Niliupenda utani huo. Leo mtu akiurudia, natazama chini.

Baba naye alikuwa na macho yake, ila yake yalikuwa ya wanyama. Alikuwa daktari wa mifugo, wa wale wa kutembea na buti na mkoba kutoka boma moja hadi jingine, na sehemu kubwa ya kazi aliifanyia upande wa Kehancha kwa wafugaji wa Kikuria, kabla ya kustaafu na kurudi kwetu karibu na Awendo. Akiona ng'ombe amesimama mbali na wenzake, safari inasimama. "Mnyama hasemi," alikuwa akituambia sisi watoto, "kwa hiyo wewe ndiwe unayepaswa kunyamaza umtazame." Tuliyasikia hayo mpaka yakatuchosha.

Kisha kiharusi kikampiga. Kilimchukua mkono wa kulia, mguu wa kulia, na maneno yote. Mama alikuwa ametangulia na ndugu zangu wako mbali, nikamleta kwangu Rangwe, kwenye nyumba ya kupanga ya vyumba viwili. Akili yake ilikuwa nzima. Nilijua hivyo kwa sababu nimesomea, lakini taratibu nikaanza kuzungumza naye kama ninavyozungumza na wagonjwa wanaonichosha, kwa sauti kubwa, polepole, na bila kungoja jibu.

Ndege alikuja kwa bahati tu. Daktari mmoja wa Homa Bay mjini alihamishwa, akawa hana pa kumwacha kasuku wake, mmoja wa wale wadogo wa kijani wenye kichwa cha manjano, wanaoenea kwenye kiganja. Nilimchukua kwa kuona haya kukataa. Niliweka tundu lake kwenye stuli kando ya kitanda cha baba, nikasema moyoni kwamba angalau mzee atapata kitu cha kutazama nikiwa kazini.

Hatukumpa jina. Baba hakuwahi kumpa mnyama jina katika maisha yake yote ya kazi, alisema wenye mnyama ndio wenye kumwita. Lakini alikuwa na sauti moja iliyosalimika na kiharusi, ile ya kugonga ulimi kwenye kaakaa mara mbili, ta-ta, aliyokuwa akiwatulizia ndama kabla ya kuwadunga sindano. Siku moja nilirudi jioni nikasikia mlangoni ta-ta, kisha ta-ta nyingine, nyembamba. Nikachungulia. Ndege alikuwa amejibandika kwenye nyaya za tundu upande wa kitanda, kichwa amekiinamisha, anamjibu. Baba alikuwa anacheka kwa ule upande wa uso uliokuwa bado unacheka. Nilikwenda jikoni nikalia nikikata vitunguu, nikawasingizia vitunguu.

Ikawa ndiyo desturi yao. Asubuhi baba akiamka, ta-ta. Ndege, ta-ta. Mimi nilikuwa namsalimia baba kwa haraka huku nikitafuta viatu.

Mimi tatizo langu lilikuwa uchafu. Kila jioni nilikuta makapi ya mbegu yametapakaa kwenye shuka, kwenye nywele za baba, hata ndani ya chai. Nilidhani ndege ndiye anayerusha. Nikawa nawagombeza wote wawili kwa Dholuo, lugha yetu, nikisema wamekula njama ya kunitafutia kazi. Baba alinyanyua mkono wake mzima akanionyesha kile kikombe kidogo cha chakula, nami nikamwambia, "Naona, baba, kimejaa. Ameshiba kuliko mimi."

Jumamosi moja nilipigilia msumari juu ya dirisha, nikalitundika tundu huko. Baba aliweza kuliona lakini hakuweza kulifikia. Alipunga mkono kukataa, akapunga tena. Nikamwambia hapo atamwona vizuri zaidi, na upepo ni mzuri. Nikafagia, nikabadilisha shuka, nyumba ikawa safi. Nilifurahi sana siku ile, na nikikumbuka furaha hiyo natamani kujizaba kofi.

Jumatano baba akaanza kupuliza. Alijaza mashavu hewa, kwa taabu kwa sababu moja lilikuwa legevu, akapuliza mbele yake, fuu, kisha akanitazama. Akarudia. Nikachukua kifaa changu nikamsikiliza kifua, mbele na nyuma. Kifua kilikuwa safi, lakini sikukiamini. Nilijiambia kwamba pengine moyo umeanza kuchoka. Nikamwekea mito zaidi mgongoni. Alifumba macho kama mtu aliyeitwa jina lisilo lake.

Kesho yake alijivutia blanketi mpaka masikioni, akajikunyata ndani yake, mabega juu, kichwa ndani, saa sita mchana na jua linawaka. Nikasema huyu ana baridi, hii ni malaria. Nikampima. Hakuna. Nikampima tena, maana mwewe hakosei. Hakuna.

Ijumaa alikataa uji. Aliusukuma ule mdomo wa kikombe kuelekea dirishani, akausukuma tena mpaka ukamwagika. Kisha akaunyosha mkono wake mzima, akawa anaupandisha na kuushusha kuanzia kifundo, juu chini, juu chini, bila kuacha. Mtetemo, nikaandika kwenye kidaftari changu. Hapo juu, mita moja na nusu kutoka kichwani pangu, ndege alikuwa amekaa kwenye kijiti, manyoya yametuna, mabega juu, kichwa ndani, na mkia wake ulikuwa unapanda na kushuka kila anapovuta pumzi. Nilimwona. Nasema nilimwona kwa sababu nakumbuka kabisa nilifikiri, huyu naye amenenepa. Nikatazama kikombe chake kutoka chini, kimejaa pomoni, nikaenda zangu.

Jirani yangu, mama anayeuza omena, dagaa wa ziwani, sokoni, alikuja kuniambia jioni ile. "Sista, mzee alikuwa anagonga ukuta mchana yote. Mimi nikaingia, nikampea maji, akakataa. Ananionyesha tu dirisha. Nikafungua dirisha, bado anagonga."

"Amechanganyikiwa," nilimjibu. "Kesho nampeleka Migori."

Daktari aliyemtibu kiharusi yuko Migori. Jumamosi asubuhi nikakodi gari. Tulipomnyanyua, baba aliushika mguu wa kitanda kwa mkono wake mmoja, na nguvu zile sikujua bado anazo. Macho yalikuwa dirishani. Akagonga ulimi, ta-ta. Ndege hakujibu. Akagonga tena, na hakujibiwa, na mimi nilikuwa nimechelewa, na dereva anapiga honi, nikavifungua vidole vyake kimoja kimoja nikasema kwa sauti ile yangu ya wodini, "Baba, ndege atangoja! Mgonjwa hapa ni wewe!"

Tukapita Rodi na Rongo, tukajikokota nyuma ya malori ya miwa kuanzia Awendo. Nilimwonyesha barabara ya kwetu. Hakugeuza shingo. Machozi yalikuwa yanatoka upande wa kulia, ule usio na habari, yanaingia sikioni. Nikaandika pia hilo.

Walimlaza siku mbili, wakampima kila kitu. Jumatatu asubuhi daktari akaniita pembeni. "Sista, huyu mzee hana kitu. Pressure iko sawa, kifua ni safi, damu ni safi. Ni kama kuna kitu anataka kusema."

"Hawezi kusema," nikamwambia.

"Najua," akasema. "Lakini anataka."

Tulifika nyumbani kabla ya saa nane mchana. Ndege alikuwa chini, sakafuni mwa tundu, kwenye kona, macho nusu. Nilipomtoa hakuning'ata. Nilimgeuza, nikapitisha kidole kifuani, na mfupa wa kati ulikuwa umechongoka kama makali ya kisu. Nimewahi kugusa vifua vya namna hiyo. Najua vinatokana na nini, na vikiwa vya watoto huwa nawauliza mama zao kwa ukali kidogo, walikuwa wapi.

"Lakini chakula kipo," nilisema. Nilikuwa najitetea mbele ya mtu asiyeweza kunishtaki. "Baba, tazama, kikombe kimejaa!"

Nikakichomoa nikampa akione. Alikipokea kwa mkono wa kushoto, akakisogeza mdomoni, akajaza mashavu hewa, akapuliza.

Makapi yaliruka yote. Yalinirukia kifuani, kwenye sare yangu, kwenye shuka nyeupe. Chini ya kikombe hapakuwa na mbegu hata moja. Ndege hula kiini akaliacha ganda palepale, na ganda hukaa juu likifanana na mbegu nzima. Nimezaliwa na mwanamke aliyepepeta mtama kwa ungo kila siku ya Mungu, na sikujua hilo. Baba alijua. Kila asubuhi nilipokuwa naoga ili niwahi kazini, alikuwa anajivuta hadi kwenye stuli kwa mkono mmoja, anatoa kile kikombe, anapuliza, ndege anakula. Hayo ndiyo yaliyokuwa uchafu wangu.

Sikumwomba msamaha saa ile, hapakuwa na nafasi. Alinigonga mkononi kwa kidole: fanya kazi. Kwa saa mbili baba alikuwa daktari tena na mimi nilikuwa mikono yake. Alionyesha birika, nikajaza chupa maji ya moto. Akaonyesha taulo, nikaizungushia. Akaigusa kwa shavu lake ili kupima, akatikisa kichwa, nikapunguza moto. Alionyesha sukari. Nilitumia bomba la sindano bila sindano, nikamdondoshea ndege maji ya sukari pembeni mwa mdomo, tone moja, kisha tone jingine, baba akiinua kidole kuniambia subiri ameze. Nilimpigia simu muuza dawa za mifugo hapa sokoni. Akaniuliza ni kuku wa kienyeji ama wa mayai. Nilipomwambia ni kasuku, akasema kwa upole, "Hiyo hata sitakudanganya, sista. Mimi ni wa kuku na ng'ombe."

Baba alionyesha kifua chake. Nikamlaza ndege pale, kwenye shimo la koo, na baba akamfunika kwa kiganja. Akagonga ulimi polepole, ta-ta. Ndege akafungua jicho moja. Nakuapia akafungua mdomo, akaufunga. Baba akagonga tena na tena, ile sauti ya kutuliza ndama, mpaka mimi nikaona kiganja chake kimeacha kupanda na kushuka, na bado akaendelea kugonga kwa muda mrefu, kwa sababu yeye ndiye aliyekuwa amemshika na alijua kabla yangu.

Nilimfunga ndege kwenye kipande cha bandeji. Jirani alipotukuta nyuma ya nyumba, mimi nachimba kwa kijiko na baba kwenye kiti, aliguna, "Sasa mnazika ndege?" Halafu akamtazama baba usoni, akaenda kwake, akarudi na jembe.

Jioni nilikaa kitandani kwake nikamwambia yote niliyopaswa kumwambia. Kwamba alinieleza vizuri. Kwamba alieleza kila dalili, moja baada ya nyingine, kwa mwili mgonjwa wenye mkono mmoja, vizuri kuliko mwanafunzi yeyote niliyewahi kumsimamia, na mimi niliziandika zote na kuziweka kwa mgonjwa asiye wake. Alinisikiliza. Aliokota kapi moja lililokuwa limenasa kwenye kola yangu, akaliweka kwenye kiganja changu, akakikunja. Majuto ni mjukuu, husema Waswahili, lakini wa kwangu alikuja siku ileile.

Tundu bado liko dirishani. Nilitaka kuliondoa, akanikataza kwa mkono, na siku hizi mkono ule ukikataa, nanyamaza. Kwa wiki mbili hivi aliendelea kugonga ulimi kila asubuhi akiamka, ta-ta, akitazama tundu, kisha ananyamaza kidogo kwa kiasi kilekile cha kungoja. Niliisikia kutoka jikoni. Ule ukimya wa kungoja ulinikata maini kuliko sauti yenyewe. Asubuhi moja nikiwa nakoroga uji sikuweza kuvumilia. Nilikuwa nimejizoeza peke yangu barabarani nikienda kazini. Alipogonga, nikamjibu, nikijitahidi iwe nyembamba, ta-ta.

Nilisikia kitanda kikilia. Nilipotokea mlangoni na mwiko mkononi alikuwa ameinuka kwa kiwiko, uso wote umeng'aa, hata upande uliokufa. Alitazama tundu, kisha akaniona mimi. Akanitazama hivyo kitambo, kwa huruma, akarudi kwenye mto polepole.

Tangu asubuhi hiyo hajagonga ulimi tena.